Mnazi Hauna Pampu

Fundi yeyote wa visima atakwambia kuwa pampu ya kunyonya, ile inayokaa juu ya kisima ikavuta maji kwa bomba, haivuki kina cha mita 10. Nyingi huchoka zikifika mita 7 au 8. Hilo si kosa la fundi. Pampu hiyo inaondoa tu hewa iliyomo ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo unamudu safu ya maji ya mita 10 na kidogo, basi. Ukitaka maji ya chini zaidi, itabidi uitumbukize pampu yenyewe kisimani isukume kutoka huko.

Sasa inua macho uutazame mnazi mkongwe, mmoja wa hii ya Pangani inayofika mita 20 na zaidi. Huko juu kuna makuti mabichi, vidaka na madafu yaliyojaa, na maji yote hayo yametoka mchangani. Mnazi hauna pampu wala moyo unaodunda. Na ukilinganisha na miti mingine, mnazi ni mfupi. Katika bonde moja la mteremko wa Kilimanjaro watafiti walipima mkukusu wenye mita 81.5, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2016 ukatajwa kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. California, Marekani, kuna mti unaopita mita 115.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi ya ugani mkoani Tanga, kwanza kwenye nyanya na kabichi za Lushoto, baadaye kwenye minazi na mihogo ya pwani. Ninachokiamini ni hiki: mkulima anayejua maji na chakula vinapita wapi ndani ya mmea hupoteza fedha kidogo sana kwenye duka la pembejeo. Kila msimu naona watu wakinunua dawa ya ukungu kwa tatizo ambalo halina ukungu, au wakimwagilia mmea ambao tatizo lake si ukame. Mtu anakopa, ananunua, anapulizia, na shamba linakufa vilevile. Inaniuma.

Tuanzie juu, kwenye jani, maana kazi yote inaanzia huko. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa stomata, na katika mimea mingi vimejaa upande wa chini. Mmea huvifungua ili uingize hewa ukaa, ambayo pamoja na maji na mwanga hutengeneza sukari. Lakini mlango ukiwa wazi, mvuke nao unatoka. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopanda kwenye mmea hupotea kwa njia hiyo. Kidogo tu hubaki kuwa sehemu ya mwili wake. Mwingereza Stephen Hales aliliona hilo zamani. Alipanda alizeti kwenye chungu, akakifunika udongo usitoe unyevu, akawa anakipima uzito asubuhi na jioni. Katika kitabu chake cha mwaka 1727 alionyesha kuwa mmea ule mmoja ulipoteza zaidi ya nusu lita kwa mchana wa kawaida.

Upotevu huo ndio nguvu yenyewe. Molekuli za maji hushikana kwa nguvu sana. Moja ikitoka kwenye ukuta mbichi wa seli ya jani na kwenda hewani, inaivuta iliyo nyuma yake, nayo inavuta ya nyuma yake, hadi kwenye kikonyo, shina na mzizi. Mirija ambayo maji hayo hupitia inaitwa zailemu, nayo ni seli zilizokwisha kufa. Zimebaki kuta ngumu tu, ndani ni uwazi. Eduard Strasburger wa Ujerumani alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 kuwa uhai hauhitajiki hapo. Alikata miti mirefu karibu na ardhi, akayatumbukiza mashina yake kwenye sumu. Sumu ikapanda ikiziua seli hai zote njiani, na bado umajimaji ukaendelea kupanda hadi majanini. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly, wa Dublin, wakatoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo yenye nguvu: jua na hewa kavu vinavuta maji kutoka juu, na mshikamano wa maji unauzuia uzi huo usikatike.

Ndiyo sababu ule mpaka wa mita 10 hauuhusu mti. Pampu ya kunyonya inategemea uzito wa hewa. Mti unavuta kweli. Kuyashikilia maji tu katika kilele cha ule mkukusu, kabla hata ya kuhesabu msuguano wa njiani, kunahitaji mvuto wa karibu mara nane ya uzito wa hewa unaotukandamiza sisi.

Uzi ukivutwa kupita kiasi, hukatika. Kiputo cha hewa huingia kwenye mrija, na mrija ule hautumiki tena mpaka ujazwe upya, kama utajazwa. Mwaka 1966 watafiti Milburn na Johnson walibandika kifaa cha kunasa mitetemo kwenye majani ya mbarika yaliyokuwa yakikauka, wakasikia mlio mfupi mkavu, kisha mwingine, kisha mwingine. Kila mlio ni maji yanayokatika ndani ya mirija. Huu mbarika uotao wenyewe kwenye kila jalala letu! Nafurahi kila nikifikiria kwamba ndio uliosema.

Mkulima anayelijua hilo haulizi tena kwa nini nasisitiza miche ihamishwe jioni. Ukiing'oa, nywele laini za mizizi, zile zinazokunywa maji, zinabaki kwenye kitalu. Ukiipanda saa tano asubuhi, majani yanavuta na chini hakuna wa kujibu. Ipande jua likishuka, mwagilia, weka kivuli siku za mwanzo. (Mnazi hauna nywele hizo kabisa, hunywa kwa sehemu laini iliyo nyuma ya ncha za mizizi, kwa hiyo mche wa mnazi uliokatwa mizizi ovyo hukaa muda mrefu umeduwaa.) Na usiogope kila mnyauko. Mboga ikilegea saa saba mchana na kusimama tena jioni, imefunga stomata na kusubiri tu. Inayonitia wasiwasi ni ile ninayoikuta imelegea alfajiri.

Virutubisho husafiri ndani ya maji hayohayo, ila mzizi hauvipokei kiholela. Kabla ya kuingia kwenye zailemu, kila kitu hupitishwa ndani ya seli hai zenye ukanda usiopenyeza maji ubavuni, na utando wa seli hizo ndio unaochagua. Potasiamu, naitrojeni na fosforasi huvutwa ndani kwa nguvu, na kazi hiyo hula chakula na oksijeni. Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji mpaka hewa ikakosa nafasi, mizizi inakosa pumzi, na hapo utaona jambo linalomchanganya kila mkulima mgeni: mahindi yamesimama kwenye maji na yamenyauka, yana rangi ya njano kana kwamba hayajaona mbolea. Mwenye shamba anaongeza urea. Ilitakiwa achimbe mfereji.

Rangi za majani nazo zinasomeka ukijua kipi kinahamishika. Naitrojeni ikipungua, mmea huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, kwa hiyo mahindi huanza njano chini, kutoka ncha ya jani kuelekea shina, ikifuata mshipa wa katikati. Chuma hakihamishiki, kwa hiyo njano yake huanza kwenye majani ya juu kabisa, mishipa ikibaki kijani. Kabla ya kumuuliza mkulima alichonunua, mimi humuuliza: imeanzia juu au chini?

Kalisi haihamishiki pia, na hapo ndipo nyanya nyingi huharibika. Tunda linakuwa zuri juu, na chini, pale ua lilipokuwa, kinatokea kidoa chenye majimaji, kinatanuka, kinadidimia, kinakuwa cheusi na kigumu kama ngozi. Watu wa Lushoto walikuwa wananiletea matunda hayo ndani ya ndoo: "Shikamoo, mama. Ukungu huu umetushinda, tumepulizia mpaka tumechoka." Niliwapasulia nyanya hizo nikawaonyesha kuwa ubovu umeanzia ndani, kitakoni, na majani ya mche wenyewe ni mazima kabisa. Hakuna mdudu wala ukungu aliyeanzisha hapo. Kalisi husafiri kwa njia moja tu, ndani ya maji yanayovutwa na majani. Jani linatoa mvuke mwingi, kwa hiyo linapata kalisi nyingi. Tunda lenye ganda linalong'aa halitoi mvuke wa maana, linaambulia makombo. Ukiruka kumwagilia siku kadhaa kisha ukafurikisha, tunda linakua haraka na kalisi haikufika kitakoni wakati ilipohitajika. Udongo unaweza kuwa nayo tele na nyanya zikaoza vilevile. Dawa yake ni maji ya kipimo kilekile, matandazo ya nyasi kavu kuzunguka shina, na kutozidisha urea. Hakuna chupa ya kununua.

Ipo njia ya pili, na hii ni hai. Sukari iliyotengenezwa majanini husafiri ndani ya floemu, mirija myembamba ambayo katika mwembe au mkorosho iko kwenye gome la ndani. Menya gome kuzunguka shina zima na mti hautakauka kesho. Maji yanaendelea kupanda ndani ya mbao, majani yanabaki kijani kwa majuma au miezi. Kinachokufa ni mizizi, kwa njaa, kisha mti wote. Wanaochuna miti kwa ajili ya dawa wangechukua vipande vidogo upande mmoja, mti ungeishi.

Maji huvutwa, bali sukari husukumwa. Mjerumani Ernst Münch alilieleza hilo mwaka 1930: jani linajaza sukari kwenye floemu, maji yanaifuata kutoka zailemu, msukumo unapanda, na utomvu unaelekea popote sukari inapotumika au kuhifadhiwa, uwe mzizi, ua au tunda. Kidukari anayechoma mrija mmoja wa floemu hahitaji kunyonya. Utomvu unamwingia wenyewe. Mwaka 1953 watafiti Kennedy na Mittler walimkata kidukari wakaacha mdomo wake ndani ya mmea, na utomvu ukaendelea kudondoka kwa saa nyingi.

Lakini mtu wa pwani hahitaji kidukari ili auone msukumo huo, anahitaji mgema. Mzee mmoja wa huku aliniruhusu nisimame chini ya mnazi wake nimwangalie. Anachagua karara ambalo bado limefumba, analifunga kwa kamba, analiinamisha taratibu kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha kwa kotama na kutungika kibuyu. Tembo linadondoka, tamu, sukari inakaribia asilimia 15. Kila asubuhi na jioni hupanda na kukata kipande chembamba, chembamba sana. "Nikikosa jioni moja, bibi shamba, kesho yake kibuyu ni nusu," aliniambia. Ni kweli, kwa sababu floemu iliyojeruhiwa hujiziba yenyewe, na kila kipande kipya kinaifungua tena. Na karara lile halitazaa nazi hata moja: sukari ya nazi ndiyo iliyomo kibuyuni.

Huenda umejiuliza kwa nini mnazi haufi kwa ngazi ambazo wakwezi huzichonga kwenye shina. Hauna gome la ndani la kumenywa. Zailemu na floemu zake zimefungwa pamoja katika mafungu mengi yaliyotawanyika ndani ya shina lote, kwa hiyo kidonda cha ubavuni hukata machache tu. Lakini shina hilo halina uwezo wa kuziba jeraha, ngazi iliyochongwa itabaki hivyo maisha yake yote, kwa hiyo zisichongwe kwa kina kupita haja.

Nimalizie na ule mche ulionyauka alfajiri. Kama nyanya imelegea ghafla ikiwa bado kijani, na udongo una unyevu, usimwagilie. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kioshe, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa tu ikigusa maji, kisha tulia. Ukiona ndani ya dakika chache uzi mweupe mfano wa maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria: mamilioni ya bakteria yaliyoziba zailemu. Maji yapo chini, jua linavuta juu, njia haipitiki. Ng'oa mche na udongo wa mizizi yake, ondoa shambani uchome, osha jembe kabla ya kugusa tuta jingine, wala usiruhusu maji ya tuta hilo yatiririkie mengine. Nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili zisirudi kwenye kipande hicho kwa misimu kadhaa; panda mahindi.