Kutoka Kinywe cha Ruangwa hadi Mapigo ya Leza: Nafasi ya Nusukipitishi zenye Unene wa Atomu Chache

Kata ya Nkowe imo katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, wilaya inayofahamika kwa hazina yake ya madini ya kinywe. Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyopangana kwa nafasi ya nanomita 0.335. Mwaka 2004, Andre Geim, Konstantin Novoselov na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua tabaka moja, grafini, kwa utepe wa gundi. Makala haya yanafafanua jinsi matabaka ya aina hiyo yanavyozalisha mapigo mafupi ya leza, na kwa nini nusukipitishi zinachunguzwa kwa kazi hiyo.

Ili leza itoe mapigo, kifyonzi kinachoshiba huwekwa katika njia ya mwanga. Mwanga hafifu humezwa. Mwanga mkali hujaza nafasi za elektroni, ufyonzaji hupungua, nao hupita. Kila mzunguko hupunguza kingo za pigo kuliko kilele chake, hadi libaki pigo fupi. Katika uzi wa kioo wenye urefu wa mita 20, pigo huzunguka takribani mara milioni 10 kwa sekunde. Wastani wa nguvu ukiwa miliwati 10 na pigo likidumu femtosekunde 500, kilele hukaribia kilowati 2.

Grafini ilianza kutumiwa hivyo mwaka 2009. Kwa kuwa haina pengo la nishati, hufyonza mwanga wa rangi nyingi, lakini tabaka moja hufyonza asilimia 2.3 tu. Tabaka moja la molibdenamu disulfaidi, ambayo ni nusukipitishi, lina pengo la takribani elektrovolti 1.8. Fotoni ya leza ya erbiamu, yenye nanomita 1550, ina elektrovolti 0.8 pekee, hata hivyo ufyonzaji unaoshiba umeshuhudiwa. Hali hiyo huelezwa kwa kasoro za fuwele na kingo za vipande, zinazoweka ngazi za nishati ndani ya pengo. Ikiwa ndivyo, ubora wa kifaa hutegemea kasoro ambazo ni vigumu kuzirudia. Fosforasi nyeusi ina pengo dogo linalofaa, ila huharibika hewani.

Kwa Ruangwa, hoja hii ina mipaka. Kifaa kimoja huhitaji kipande kidogo kuliko ukucha, na grafini huweza pia kukuzwa kutokana na gesi ya methani. Faida ya teknolojia hii, basi, haimo katika tani za kinywe, bali katika maabara na wataalamu wa kupima na kudhibiti tabaka moja.