Ndege Zinazotua Majini

Watoto wa Nyankunde wakisikia ngurumo angani hukimbia nje kutazama. Ndege ndogo inakuja, inazunguka juu ya nyumba, kisha inashuka kiwanjani. Pengine imeleta mgonjwa wa hospitali, pengine dawa, pengine daktari. Kwa miaka mingi ndege ndogo za chama cha MAF zimetumia kiwanja hiki. Zina magurudumu, kwa maana hutua juu ya nchi kavu. Lakini si ndege zote zilizo hivyo. Ziko ndege zinazotua majini kama bata.

1. Namna za ndege

Ndege ya magurudumu huhitaji kiwanja kirefu, kigumu, kisicho na mashimo. Haiwezi kupanda hewani mpaka imekwenda mbio kwanza, ili upepo upite kwa nguvu juu na chini ya mabawa na kuyainua.

Helikopta haina haja ya kukimbia. Juu yake kuna mapanga marefu yanayozunguka upesi. Hayo ndiyo mabawa yake. Hupanda wima na kushuka wima, hata penye uwanja mdogo. Watu wa Bunia wameona mara nyingi helikopta za Umoja wa Mataifa. Lakini helikopta hula mafuta mengi, na gharama yake ni kubwa.

Ndege za maji ni za namna mbili. Ya kwanza ni ndege ya kawaida iliyoondolewa magurudumu na kufungwa maboya mawili marefu, mfano wa mitumbwi. Ya pili ni mashua hasa yenye mabawa: tumbo lake lenyewe huelea majini. Ziko pia ndege zenye maboya na magurudumu pamoja. Hizo hutua popote, majini au nchi kavu.

Maji hushika sana kitu kinachopita ndani yake. Kwa hiyo mafundi huweka kidato chini ya tumbo la ndege ya maji. Ndege ikienda mbio huinuka, nayo hewa huingia nyuma ya kidato na kuachanisha tumbo na maji. Maji yakiwa matulivu kama kioo, kazi huwa ngumu zaidi. Mawimbi madogo humsaidia rubani.

2. Mto uligeuka kiwanja

Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa ndege yenye mtambo tarehe 17 Desemba 1903. Tarehe 28 Machi 1910 Mfaransa Henri Fabre aliruka kutoka majini, karibu na mji wa Marseille.

Siku zile viwanja vya ndege vilikuwa vichache sana. Katika Kongo msitu ulifunika nchi, lakini mto mkubwa ulikuwa tayari, mpana na mrefu. Kwa hiyo mwaka 1920 Wabelgiji walianza kurusha ndege za maji juu ya mto Kongo kutoka Kinshasa, na baadaye zikafika Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville wakati ule.

Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kupeleka mashua kubwa za hewani kutoka Southampton mpaka Durban, Afrika ya Kusini. Zilikuwa na mitambo minne, na upana wa mabawa ulipita mita 34. Zilifuata mto Nile, zikatua Port Bell na Kisumu penye ziwa Viktoria, kisha Mombasa na Dar es Salaam. Zilichukua abiria na barua.

3. Corsair katika mto Dungu

Mojawapo ya ndege hizo iliitwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 ilikuwa ikirudi Uingereza, nayo ilipaswa kutoka ziwa Viktoria mpaka Juba, penye mto Nile. Chombo cha kuonyesha njia kilidanganya, ndege ikapotea ikaingia Kongo. Mafuta yalikuwa karibu kwisha. Chini ilikuwa nchi ya miti tu. Kapiteni Alcock akaona mto mwembamba, ndio mto Dungu, karibu na Faradje, kaskazini ya Bunia. Akatua. Ndege ikagonga jiwe lililofichwa na maji, tumbo likapasuka, lakini aliielekeza ukingoni kabla haijazama. Hakufa mtu hata mmoja.

Sasa itatokaje? Mafundi walikuja kutoka Uingereza. Waliivuta kutoka matopeni, wakaziba tundu kwa kazi ya miezi. Mwezi wa Julai walijaribu kuruka, lakini mto ulikuwa mfupi na wenye mawe. Ndege ikagonga tena, ikapasuka tena.

Hapo walielewa kwamba kutengeneza ndege hakutoshi. Lazima kutengeneza mto pia. Wafanyakazi wengi wa nchi ile walijenga ukuta wa kuzuia maji, kusudi mto ujae na kufunika mawe. Kambi yao ikawa kama kijiji, kikaitwa Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940 kapiteni Kelly-Rogers alitia nguvu mitambo yote minne, na Corsair ikapanda juu ya miti. Ilikuwa imekaa mtoni karibu miezi kumi.

4. Kwa nini Nyankunde hakuna ndege ya maji?

Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945 viwanja vingi vilijengwa duniani. Baada ya vita ndege za magurudumu zilishinda, kwa sababu hazina tumbo zito la mashua, tena huenda mbio zaidi. Lakini penye visiwa na maziwa mengi, kama Kanada, ndege za maji bado zinafanya kazi.

Ziwa Alberti liko kama mita 620 juu ya usawa wa bahari. Bunia iko juu zaidi ya mita 1,200. Ndege ikitua ziwani, mgonjwa angebaki chini ya mteremko mkali, mbali na daktari. Nayo mito ya karibu ni myembamba. Kwa hiyo kiwanja cha Nyankunde ni mali kubwa. Mtu anayefyeka majani, anayeziba mashimo na anayefukuza ng'ombe na mbuzi humsaidia mgonjwa pamoja na rubani. Ndege hujisifia mabawa, lakini bila mahali pa kutua haifai kitu.

Maswali

1. Taja namna mbili za ndege za maji.
2. Kidato chini ya tumbo la ndege kina kazi gani?
3. Kwa nini Corsair haikuweza kuruka mwezi wa Julai?
4. Wewe unaweza kufanya nini kutunza kiwanja cha ndege?