Kurenti ikimpiga mtu kwenye mashini ya koperative, nani atalipa?



Siku hizi koperative nyingi zina mashini ya umeme: ya kusaga mahindi na muhogo, ya kumenya kahawa, pompa ya maji. Kila tunapopita kwa mikutano yenu, swali hili linarudi: kurenti ikimpiga mtu, nani atalipa?

Wengi wanajibu: «Ni bahati mbaya. Tumchangie franga za hospitali, basi.» Sheria ya Kongo haisemi hivyo.

Tuchukue mfano. Waya ya mota imechubuka tangu wiki mbili, na wote wanaiona. Siku ya mvua, chini kumelowa, mtu anagusa chuma cha mashini. Kurenti inamtupa na mkono unaungua. Sasa tuangalie ni nani aliyeumia.

Kama ni mfanyakazi wa koperative. Hata akilipwa kwa siku, hata bila kontra ya maandishi, hiyo ni ajali ya kazi. Kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, anayeshughulikia ni CNSS: matunzo, posho ya siku ambazo hawezi kutumika, pensheni akibaki na kilema, na haki za mjane na watoto kama amekufa. Mchango wa hatari za kazi unalipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi kwa mshahara. Koperative isiyomwandikisha mtu wake isifikiri imeokoa franga. Siku ya ajali mzigo utairudilia.

Kama si mfanyakazi. Ni mama aliyeleta mahindi, mtoto wake, ao mwanachama aliyekuja kwa salongo. Hapa tunaenda kwa Kode sivili, Kitabu cha tatu. Artikle 258 inasema aliyeleta hasara kwa kosa lake lazima aitengeneze. Artikle 259 inaongeza uzembe. Artikle 260 inasema tunajibu pia juu ya watu wanaotutumikia na vitu tunavyovilinda. Mashini ni yenu, waya ni yenu, basi jibu ni lenu.

Kama ni fundi mliyemwita. Fundi mwenye kazi yake mwenyewe anajibu juu ya kazi yake na ya wasaidizi wake. Lakini mkimficha hatari mliyoijua, ao mtu wenu akiwasha kurenti wakati fundi yuko ndani, kosa ni lenu.

Waya za nje, mpaka kwa konteri, kwa kawaida ni za shirika la umeme. Mkiona waya imeanguka, waandikieni, na mchunge kopi ya barua.

Kuna pia upande wa jinai. Artikle 52 ya Kode penali inamgusa anayeumiza ao kuua mtu bila kusudi, kwa kukosa uangalifu. Kiongozi aliyeambiwa juu ya waya mbovu na akanyamaza anaweza kuitwa na parke. Mbuzi na mapatano na jamaa ni heshima nzuri, lakini hayafungi dosie.

Tunawashauri hivi:

1. Andikisheni koperative na wafanyakazi wenu kwa CNSS mbele ya ajali.
2. Wekeni kitabu kando ya mashini: tarehe, kasoro iliyoonekana, nani aliambiwa, nani alitengeneza.
3. Waya ikichubuka, mashini isimame mpaka fundi anayejua kazi afike. Mashini iwe na waya ya ardhi na disjonkteri.
4. Mtu akipigwa, msimguse. Kateni kurenti kwanza, kisha mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa, maana moyo unaweza kusumbua kisha.
5. Siku hiyohiyo andikeni majina ya walioona, chungeni karatasi za daktari, na mjulishe CNSS na inspekta wa kazi.

Kwa mkutano ujao, muulizane mambo mawili: nani kati yetu anatumika kwa mashini bila kuandikishwa? Na ni waya gani ambayo sisi wote tunaiona mbovu na hatujasema?