"Familia" ni Nani? Neno Moja Linavyoamua Nani Aishi Wapi

Ukifungua kanuni za matumizi ya ardhi na uendelezaji za mji mkubwa, utakuta sura moja ambayo karibu kila mtu huiruka. Ni sura ya tafsiri. Maneno yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na maana yake: barabara, duka, familia, ghorofa, uzio. Msomaji anajiuliza, nani asiyejua duka ni nini? Anaruka, anakwenda kwenye sura ya urefu wa majengo au ya vibali, akiamini kwamba sheria yenyewe inaanzia huko.

Naomba leo usiiruke. Katika kanuni za mji, uamuzi mkubwa mara nyingi umefichwa kwenye tafsiri, halafu sura nyingine zinautekeleza tu. Nitakuonyesha kwa neno moja ambalo sote tunadhani tunalijua: familia.

Kwa nini mji uwe na kamusi yake?

Kanuni hizi hugawa mji katika kanda. Huku viwanda, huku maduka, huku makazi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliukubali mfumo huo mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, nje kidogo ya Cleveland. Tangu hapo miji mingi ya nchi hiyo imetenga maeneo makubwa kwa sentensi fupi kama hii: katika kanda hii zitajengwa nyumba za familia moja tu.

Sentensi hiyo ni rahisi kuisoma, lakini jaribu kuitumia. Nyumba ya familia moja ni jengo lenye makazi mamoja. Sawa, makazi ni nini? Kanuni nyingi zitakwambia ni chumba au vyumba vyenye mahali pa kulala, pa kuoga na pa kupikia, kwa matumizi ya familia moja. Yaani ukiweka jiko la pili kwenye chumba cha uani, unaweza kuwa umeongeza makazi ya pili bila kujenga hata ukuta. Na familia je? Hapo ndipo mnyororo unapoishia. Ukibadilisha maana ya neno hilo la mwisho, umebadilisha mtaa mzima, na hakuna tofali lililoguswa.

Angalia pia namna tafsiri zinavyoandikwa. Ikisema "maana yake ni", mlango umefungwa: kisichotajwa hakimo. Ikisema "ni pamoja na", mlango uko wazi kidogo, vingine vinaweza kuingia. Ikiongeza "isipokuwa", kuna kitu kimetolewa nje kwa makusudi, na hapo ni vizuri kujiuliza kimetolewa kwa faida ya nani.

Wanafunzi sita wa Belle Terre

Belle Terre ni kijiji kidogo cha Long Island, jimbo la New York. Miaka ya sabini kilikuwa na nyumba kama 220 na wakazi wapatao 700. Sheria yake ndogo iliruhusu nyumba za familia moja peke yake, na ikaeleza familia ni nani: watu wowote wenye uhusiano wa damu, ndoa au kuasili, wanaoishi na kupika pamoja kama kaya moja. Wasio na uhusiano huo nao waliweza kuhesabiwa familia, ila wasizidi wawili.

Wanafunzi sita wa chuo kikuu cha Stony Brook, kilichoko jirani, wakapanga nyumba hapo. Hawakuwa ndugu. Kijiji kikawaambia wenye nyumba kwamba wanavunja sheria, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1974 kijiji kilishinda kwa kura saba dhidi ya mbili. Jaji William Douglas aliandika kwamba kijiji kina haki ya kulinda utulivu wake, nafasi zake na maisha ya familia.

Jaji Thurgood Marshall alikataa. Hoja yake ni rahisi kuielewa: kama tatizo ni kelele na magari, weka kikomo cha watu kwa kila chumba au cha magari kwa kila nyumba. Sheria ile iliruhusu ndugu kumi kujazana nyumba moja, lakini iliwakataza marafiki watatu watulivu.

Kama na wewe unachangia kodi na wenzako wa chuo, jihesabu. Mko wangapi?

Bibi na mjukuu wake

Miaka mitatu baadaye neno lilelile lilirudi mahakamani. Safari hii ni mji wa East Cleveland, Ohio. Inez Moore aliishi na mwanawe Dale, mtoto wa huyo Dale, na mjukuu mwingine aitwaye John, ambaye alikuja kuishi na bibi yake baada ya mama yake kufariki.

Tafsiri ya East Cleveland haikuishia kwenye damu na ndoa. Iliorodhesha ndugu wanaoruhusiwa, mmoja baada ya mwingine: mwenzi, wazazi, watoto wasiooa wala kuolewa. Wajukuu waliruhusiwa, lakini kwa njia ya mtoto mmoja tu wa mwenye kaya. Hivyo Dale na mwanawe walikuwa halali. John, kwa kuwa alitoka kwa mtoto mwingine wa Bi. Moore, hakuwemo kwenye orodha. Mapema mwaka 1973 mji ulimwandikia bibi kwamba mtoto huyo ni mkazi asiye halali na anapaswa kuondoka. Bibi hakumtoa. Akashtakiwa kwa kosa la jinai, akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25.

Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Lewis Powell alionyesha jinsi tafsiri ile isivyofikia hata lengo lake yenyewe. Mji ulisema unazuia msongamano na magari. Lakini mume, mke na watoto wao wangeweza kuwa na madereva sita, kila mmoja na gari lake, na wasiulizwe. Kaka na dada watu wazima wasingeruhusiwa kuishi pamoja hata kama wote wanapanda basi.

Sasa fikiria kesi hii kwa Kiswahili. Kiingereza kiliwaita wajukuu wale wawili kwa neno moja linalowatenga na undugu wa tumbo moja. Lakini baba zao walikuwa ndugu. Kwetu, watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu, na John angemwita Dale mkubwa baba mdogo au baba mkubwa. Mama akifariki na baba mkubwa yupo, nani angemwita mtoto huyo mgeni ndani ya nyumba?

Kuhesabu watu au kuchagua watu

Kesi ya tatu ilitoka Edmonds, jimbo la Washington. Nyumba moja ilikuwa makazi ya watu kati ya 10 na 12 waliokuwa wakijinasua na ulevi na dawa za kulevya. Tafsiri ya mji iliruhusu watano tu kama hawana undugu. Mji ukajitetea kwamba hicho ni kikomo cha idadi, na vikomo vya idadi vina msamaha katika sheria ya makazi ya haki.

Mwaka 1995 mahakama ilikataa. Sheria inayosema nyumba ya ukubwa fulani isizidi watu fulani, wawe nani wawe, inahesabu watu. Sheria inayoanza kwa kuuliza "mna undugu gani?" inachagua watu. Nadhani hilo ndilo somo kubwa la kesi hizi zote tatu.

Miji mingine imeanza kubadilisha yenyewe. Denver, Colorado, iliwahi kuruhusu watu wazima wawili tu wasio na undugu katika nyumba ya kawaida. Februari 2021 baraza la jiji likapandisha hadi watano. Waliopinga wakalipeleka suala kwa wapiga kura Novemba mwaka huohuo, na mabadiliko yakabaki.

Na sisi?

Usidhani haya ni mambo ya Wamarekani tu. Chukua nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Kila chumba mpangaji wake, kila mpangaji na jiko lake la mkaa. Kwa kipimo cha "kuishi na kupika pamoja", chini ya bati moja mna familia nyingi. Kanda ya nyumba za familia moja ingewafukuza karibu wote, bila kumtaja mpangaji hata mara moja.

Tena mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake mtu ataketi na sheria ya Kiingereza mbele yake achague: familia, kaya au ukoo? Wanaokula chungu kimoja ni kaya, hata kama hawana undugu. Ukoo unaweza kujaza mtaa. Ukichagua moja, kuna watu umewaingiza na kuna watu umewatoa.

Basi rasimu ya kanuni ikija kwenye mtaa wako kwa maoni, anzia kwenye tafsiri. Tafuta neno unaloliona la kawaida kuliko yote, kisha tazama nyumba tatu unazozifahamu na uulize: kwa maana hii, nani atabaki ndani na nani ataambiwa afungashe?