Msafiri na Achukue Tahadhari

Watu wa Unguja na Pemba ni watu wa safari tangu jadi. Babu zetu walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, wakarejea na shehena na habari. Leo safari ni ya ndege, na miongoni mwa miji inayowavuta vijana na wafanyabiashara wetu ni Johannesburg na Durban, katika Afrika ya Kusini. Hatuna nia ya kumzuia mtu kutafuta riziki yake. Lakini mahali usipopajua ni kiza, na kiza hutaka taa.

Takwimu za polisi wa nchi ile zenyewe zatutahadharisha. Katika mwaka wa fedha wa 2011/12 waliuawa watu wapatao 30 katika kila watu 100,000. Ilipofika 2022/23 walikuwa 45, yaani roho zaidi ya 27,000 kwa mwaka mmoja. Wala hatujasahau Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoanza katika kitongoji cha Alexandra, zikaenea kwingineko na kuua watu zaidi ya 60, wakiwamo raia wa nchi hiyo wenyewe.

Hayo hayana maana kwamba kila mtaa ni wa hatari. Mauaji yamekithiri katika vitongoji fulani. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mgeni ni kujua atafikia wapi na kwa nani. Afadhali afike mchana, apokewe na mtu amjuaye. Asihesabu fedha hadharani uwanjani, kwani wapo wanyang'anyi wanaomvizia abiria hapo, wakamfuata mpaka mlangoni. Akiwa garini, afunge milango na vioo. Akielekezewa bastola, asishindane wala asifanye haraka ya mikono, atoe kinachotakiwa. Nakala ya pasipoti aiache kwa jamaa zake, na namba ya polisi, 10111, aihifadhi moyoni.

Wakuu wetu nao wana sehemu yao. Kumgongea raia muhuri katika pasipoti si kumuaga. Yafaa apewe nasaha kabla hajaondoka, na ahimizwe kujiandikisha katika Ubalozi wetu ulioko Pretoria. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu usiyejua kwamba yupo. Wako wanaouogopa kwa kuwa muda wao wa kukaa umepita. Hao ndio walio hatarini zaidi, kwani wakiibiwa hawashitaki, na wakifa huenda wasitambuliwe. Ni wajibu wa maofisa kuwaonyesha kwamba mlango wa Ubalozi ni mlango wa nyumbani, si wa mahakama.

Mali ikipotea hutafutwa nyingine, lakini roho haina badali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunataka kila aliyetoka bandarini na uwanjani kwetu arejee kwa miguu yake.