Keki ya musi: Nanasi lisipochemshwa, kazi yote ni bure

MANANASI ya Uganda, ambayo hulimwa kwa wingi Kayunga na Luwero, ni miongoni mwa matunda yanayovuka mpaka na kuuzwa Busia na Malaba, upande wa Kenya. Kwa mpishi anayetaka kuandaa keki nyepesi ya matunda nyumbani, tunda hili linafaa sana. Hata hivyo, likitumiwa bila kupikwa, keki haitaganda hata ikilala kwenye jokofu usiku kucha.

Keki hiyo huitwa musi, neno la asili ya Kifaransa lenye maana ya povu. Haiokwi. Ni rojo la matunda lililochanganywa na krimu iliyopigwa hadi ikajaa hewa, kisha mchanganyiko huo ukashikiliwa na jelatini.

Jelatini ni protini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Nanasi nalo lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini. Papai bichi lina nguvu kama hiyo, na ndiyo maana wapishi wa Pwani hulitumia kulainisha nyama ya mishikaki. Kinacholainisha nyama ndicho kinachoyeyusha keki.

Dawa yake ni moto. Bromelini huharibika nanasi linapochemshwa. Ndiyo sababu nanasi la mkebe, ambalo hupashwa moto kiwandani, halileti matata.

Mahitaji ya keki ya sentimita 20 ni biskuti gramu 200, siagi gramu 80, vipande vya nanasi gramu 400, sukari gramu 100, unga wa jelatini gramu 15 na krimu mililita 400 yenye mafuta yasiyopungua asilimia 30. Waislamu wasome lebo kwanza, kwani baadhi ya jelatini hutokana na nguruwe.

Ponda biskuti, changanya na siagi iliyoyeyushwa, kisha shindilia kwenye chombo cha keki. Chemsha nanasi na sukari. Likishatokota, liache motoni kwa dakika 10, kisha lisage na kulichuja.

Loweka jelatini katika mililita 75 za maji baridi kwa dakika tano hadi ivimbe. Ikoroge ndani ya rojo lingali na moto, lakini usiichemshe, kwani kuchemka huipunguzia nguvu. Acha rojo lipoe kabisa; likiwa na joto litaiyeyusha krimu.

Piga krimu ikiwa baridi, kwa sababu mafuta yaliyoganda ndiyo yanayonasa hewa. Simama inapoanza kusimama vilele laini. Ukizidisha itageuka siagi. Ichanganye na rojo taratibu kwa mwiko, ukikunja kutoka chini kwenda juu, ili hewa isitoroke. Mimina juu ya biskuti na uweke kwenye jokofu kwa saa sita au zaidi.

Jelatini huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 30, kiwango kisicho kigeni Busia wakati wa mchana. Kwa hivyo, keki ya sherehe itolewe wageni wakishaketi, wala isipangwe mezani mapema. Umeme ukikatika, mlango wa jokofu usifunguliwe ovyo. Krimu ni ghali kuliko nanasi; dakika 10 za kuchemsha ndizo zitakazoiokoa.