Mkia wa Neno: Khabari za Afande na Ombasha

Mtu akipita penye kituo cha polisi, iwe mjini Unguja au shamba, hakosi kumsikia askari akimjibu mkubwa wake, "Ndiyo, afande." Wengi hudhani kwamba neno hili asili yake ni Kiarabu. Kumbe kwa Waarabu lilipita tu. Lilitoka kwa Waturuki, nao waliliazima kwa Wayunani.

Lilifikaje huku? Misri ilikuwa chini ya dola ya Waturuki, na vyeo vya jeshi lake vikaitwa kwa Kituruki. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliandika askari wa Kisudani mjini Cairo, waliokwisha kulitumikia jeshi hilo, akawaleta Mrima, ng'ambo ya kisiwa chetu. Wakaja na bunduki zao na maneno yao. Efendi ikawa afande. Onbaşı, ambayo hutamkwa karibu na "onbashi", ikawa ombasha, yaani koplo.

Sasa na tulipasue neno hili la pili. On ni kumi; baş ni kichwa, au mkuu. Ile sauti ndogo ya mwisho, ı, ndiyo yenye siri: maana yake ni "wake". Basi Mturuki husema, "kumi, mkuuwe", yaani mkuu wa watu kumi. Vivyo hivyo yüzbaşı ni mkuu wa mia, na binbaşı ni mkuu wa elfu. Sisi hutanguliza mkuu, kisha hesabu. Yeye hutanguliza hesabu, kisha humtia mkuu mkia.

Mkia wa namna hii si mgeni kwetu. Twasema mkewe, babaye, mwenzangu. Mturuki naye akitaka kusema "bwana wangu" huongeza m, akasema efendim; na ndivyo aitikavyo akiitwa, kama sisi tuitikavyo "Naam" au "Labeka".

Tulipolipokea neno ombasha tuligeuza mwisho wake kuwa a, na ule "wake" ukapotea. Si kosa, kila lugha humvika mgeni nguo za kwao. Leo ombasha amekwisha ondoka, cheo chake ni koplo; afande amebaki.

Lakini mwanafunzi asidharau silabi ya mwisho wa neno. Mke ni mke yeyote. Mkewe ana mwenyewe.